Pingili Katika Gunia Bichi

Kila familia ina kichekesho chake, kile ambacho mgeni akikisikia anatabasamu kwa adabu huku wenyewe mmeshika mbavu. Cha kwetu kilimhusu bibi, mama mzaa baba. Kilisimuliwa hivi: miaka ile ya dhahabu, bibi alimwona mkwe wake akipogoa mizabibu, akadhani anafungasha kurudi kwao. Akapiga kelele mji mzima ukasikia, akamtuma mtu akamwite mwanawe machimboni. Baba akaacha shimo la dhahabu, akaja mbio, akamkuta mke wake shambani na mkasi wake, hana habari. Basi, kichekesho chenyewe ndicho hicho. Tulikisimulia kwenye harusi, na hata kwenye matanga watu walipochoka kulia. Bibi mwenyewe akiwepo tulimgeukia na kumuuliza, "Bibi, mama anakata tena mwaka huu. Tumwite baba?" Naye alifuta macho kwa ncha ya kitenge, akasema hatuna adabu, akacheka pamoja nasi.

Mimi nimekisimulia kuliko ndugu zangu wote, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa shambani siku hiyo. Nilikuwa msichana wa darasa la tano, mzaliwa wa kwanza, mwenye mdomo na hasira za haraka. Nilijiona shahidi. Nilipokuwa namwigiza bibi alivyosimama kwenye kona ya zizi, mikono kichwani, watu walikuwa wanapiga meza.

Ukisema Nyamwaga, kijijini kwetu huko Tarime, kuna mizabibu, watu wanakutazama mara mbili. Kwetu ni migomba, mahindi na ng'ombe. Zabibu zina kwao, na kwao ni Dodoma, kwenye mchanga na jua. Lakini mama ni Mgogo, na hapo ndipo habari yote inapoanzia.

Baba alikwenda Dodoma akiwa kijana kutafuta kazi ya ujenzi. Nyumba waliyokuwa wanaijenga ilipakana na shamba la mizabibu la babu yangu wa upande wa mama. Baba anasema alizipenda zabibu kwanza ndipo akamwona aliyekuwa anazichuma. Mama anasema mtu huyo alikuwa anaiba. Vyovyote ilivyokuwa, walifikia kwenye mazungumzo ya mahari, na kwenye habari za ng'ombe Wakurya na Wagogo walielewana bila mkalimani. Siku ya kuondoka, babu hakumpa mama sufuria wala godoro. Alikata matawi ya mizabibu, akayagawa vipande vya urefu wa mkono, pingili, akazifunga kwenye gunia alilolilowesha maji. Akamwambia mama kwamba kila treni ikisimama, atie maji kwenye gunia. Mama alifanya hivyo hadi Mwanza, na kutoka Mwanza hadi Tarime, na watu walidhani amebeba samaki.

Alizipanda nyuma ya nyumba, kwenye mteremko unaopata jua la asubuhi. Bibi alizitazama akauliza hii ni mboga gani. Zilishika, zikatambaa, baba akaweka nguzo na waya. Lakini miaka ya mwanzo hawakula kitu. Mama alikuwa anapanga kupogoa kwa majira ya kwao, na huku kwetu mvua ziliwakuta matunda yakiwa yanaiva, yakaoza kwenye kikonyo, yakaota ukungu kama mkate wa zamani. Mwingine angezing'oa. Mama alisogeza majira mbele, akasogeza tena, mpaka akajua kwamba Nyamwaga ni lazima mizabibu ikatwe mwanzoni mwa Oktoba, ili iive kwenye jua kali la Januari na Februari. Ukichelewa, zabibu zinaiva masika yakiwa yamefika, na mwaka mzima umekwisha.

Ni vizuri nieleze kupogoa ni nini, maana kichekesho chote kimekaa hapo. Mzabibu usiokatwa unatoa majani na kiburi tu. Ukitaka uzae, unaukata mpaka unatia huruma. Kila tawi unaliacha na macho mawili, yaani vile vivimbe viwili ambako chipukizi litatokea, na mengine yote unayatupa. Shamba lililokuwa kivuli kizima asubuhi, jioni linakuwa vijiti vilivyosimama kwenye waya. Mtu asiyejua anaweza kudhani mwenye shamba amegombana na dunia.

Kwetu hiyo ilikuwa kazi ya mji mzima, na kila mtu alikuwa na nafasi yake. Baba ndiye aliyeshika mkasi. Mama alitembea mbele yake akionyesha kwa kidole: hapa, hapa, acha macho mawili. Kila mwaka baba alitaka kuacha matatu, kwa roho ya huruma, na kila mwaka mama alisema, "Mawili, baba watoto. Ukimhurumia, anakunyima." Mstari ukiisha, mama alirudi nyuma akifunga matawi yaliyobaki kwenye waya kwa kamba za migomba. Sisi watoto tuliokota yaliyokatwa tukapeleka jikoni kwa kuni. Bibi kazi yake ilikuja baadaye, zabibu zikianza kupata rangi. Alikaa kwenye kigoda katikati ya mistari na debe tupu na kijiti, akigombana na ndege kwa Kikurya. Aliwaita kwa majina ya majirani asiowapenda.

Mavuno yalikuwa madogo lakini yalikuwa yetu. Wazee wa kanisa walikuja kuchukua za kukamua kwa ajili ya Meza ya Bwana, maana kabla ya hapo walikuwa wanaloweka zabibu kavu za dukani. Na Tarime mjini alikuwepo mfanyabiashara mmoja, mzee Mwislamu mwenye asili ya pwani, aliyemfundisha mama kuzianika zile ndogondogo, naye akawa anazinunua kwa ajili ya pilau. Mama alipenda sana hilo, kwamba kitu chake kinafika kwenye sufuria za watu asiowajua.

Kisha dhahabu ikaja. Au tuseme watu ndio waliokuja, dhahabu ilikuwepo siku zote. Hiyo ni miaka ya kabla ya kampuni na uzio, wakati mtu yeyote mwenye sururu na kichwa kigumu aliweza kuingia ardhini. Walitoka Musoma, Shinyanga, Bukoba, na kutoka upande wa pili wa Sirari walikuja binamu zetu wakiongea Kiswahili chao cha Kenya na kuvaa kofia. Vilima vya kule Nyamongo vilijaa mashimo waliyoyaita maduara, na karasha za kusagia mawe zilinguruma hata sisi wa Nyamwaga tukazisikia upepo ukielekea kwetu. Walimu wa kiume wawili waliacha chaki. Mashamba ya migomba ya watu yalichimbwa kwa sababu jirani wa jirani aliota ndoto.

Mwanzoni baba alicheka. Aliuza zabibu kule kwa wachimbaji, akarudi na hela na vituko vya kusimulia. Lakini baada ya mavuno ya mwaka ule alirudi bila kituko hata kimoja, akala, akalala, na asubuhi akasema kuna duara la watu wa ukoo, wanamhitaji mtu anayejua kujengea mashimo miti yasiporomoke, na yeye ni fundi. Alimwambia mama mbele yetu, "Nitakuwa hapa kabla ya kupogoa."

Nataka nimtendee haki. Hakuwa baba mlevi wala wa kutupa watoto. Alituma sukari, alituma sabuni, alituma redio ambayo bibi aliishika kama mtoto mchanga. Alikuja Jumamosi moja, akaja nyingine, kisha tukaanza kupokea salamu badala ya mtu. Kila salamu ilikuwa na neno lilelile: mwamba wenye dhahabu umekaribia. Mama alizipokea akisema asante, akampa aliyezileta maji ya kunywa, akarudi shambani.

Oktoba ilifika. Mama alinoa mkasi, akaufunga kwenye kitambaa, akauweka. Baba mdogo, ndugu wa baba wa mwisho aliyekuwa akikaa na sisi, alikwenda na baiskeli kumkumbusha. Akarudi na neno la mwamba. Mama akasubiri. Mawingu yakaanza kukaa juu ya vilima vya upande wa Kenya. Mizabibu ilikuwa imeota majani mpaka ikafunika waya, na mama alikuwa anasimama pembeni jioni na mikono nyuma, anaitazama tu. Nilijua ana wasiwasi wa mavuno. Hivyo ndivyo nilivyojieleza mwenyewe.

Asubuhi moja hakutuamsha kwenda shule. Aliniamsha mimi peke yangu. Nilipofika shambani alikuwa ameshakata mstari wa kwanza. Alikuwa anakata upesi, bila kuonyesha kwa kidole, maana hakukuwa na mtu wa kumwonyesha. Nikauliza nani atafunga. Akasema, "Zitajifunga." Nikaokota matawi. Nilipotaka kuyapeleka jikoni kama kawaida, alinizuia. Alichagua yale mazuri, yaliyonyooka, akayakata vipande vya urefu wa mkono, akavipanga pembeni. Kisha akaleta gunia, akalilowesha, akazifunga zile pingili vizuri kwa kamba ya mgomba. Nikauliza ni za nini. Akasema za kupanda. Na ni kweli pingili ni za kupanda, kwa hiyo sikuuliza tena.

Bibi alitoka nyumbani kwake jua likiwa limepanda. Alikuja hadi kwenye mstari, akasimama. Alimtazama mama, akatazama vijiti, akatazama gunia. Hakuna aliyemwamkia, na hilo peke yake lilikuwa jambo, kwa kuwa mama hakuwahi kuacha kumpa bibi shikamoo yake. Bibi akageuka, akaenda hadi kwenye kona ya zizi ambako mji mzima ungemsikia, akaweka mikono kichwani, akapaza sauti.

"Amang'ana gani haya, mambo gani. Amekata mizabibu. Ameimaliza yote, vimebaki vijiti."

Baba mdogo alitoka zizini na ndoo ya maziwa. "Mama, si anapogoa tu? Kila mwaka wanapogoa."

"Nimesema ameikata. Mura, kijana wewe, weka ndoo chini. Chukua baiskeli uende ukamwambie kaka yako. Mwambie kwamba mama yake amesema hivi: mke wako amekata mizabibu yote."

"Watanicheka kule machimboni."

"Wacheke. Wewe sema."

Majirani walikuwa wamekusanyika kwenye njia, na wao ndio walioanza kucheka. Mwanamke mmoja alimwambia bibi kwa upole kwamba mti ule unakatwa ili uzae. Bibi akamjibu kwamba yeye anachojua ni kitu kimoja: mwanamke akianza kukata alichokipanda, huyo anaondoka. Wakacheka zaidi. Mimi pia nilicheka. Baba mdogo alipanda baiskeli akitikisa kichwa.

Mama alimaliza mistari iliyobaki. Usiku tulikula ugali na mboga, na lile gunia lilikuwa limeegemezwa ukutani nyuma ya mlango.

Baba alifika kesho yake mchana, kwa miguu, udongo wa shimoni ukiwa bado kwenye masikio yake. Baiskeli ilikuwa na pancha, na baba mdogo aliachwa nyuma akiisukuma. Baba hakuingia ndani wala hakunywa maji. Alimwamkia bibi kwa kuinamisha kichwa tu, akapita moja kwa moja shambani. Mama alikuwa kwenye mstari wa katikati, ameshika mkasi, anarekebisha yale aliyoyakata kwa haraka.

Walitazamana. Nilitegemea kelele, au angalau maelezo.

"Umeacha mangapi?" baba akauliza.

"Mawili."

Baba akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaokota fungu la kamba za migomba lililokuwa chini tangu jana, akalegeza moja, akaanza kufunga tawi kwenye waya. Alifunga vibaya, maana hakuwahi kufanya kazi hiyo, na mama akamwachia. Wakaendelea hivyo hadi jioni, mama mbele na mkasi, baba nyuma na kamba. Giza lilipokaribia, baba alikwenda nyuma ya mlango, akachukua lile gunia, akachimba mashimo kando ya uzio wa zizi, akazipanda pingili zote. Ukawa mstari mpya. Nilimshikia taa. Nilifurahi kwamba shamba limeongezeka.

Hakurudi machimboni. Wiki haijaisha, habari zikaja kwamba duara lao limetoa. Mwamba ulikuwa umekaribia kweli. Kwa taratibu zao, aliyeondoka hana mgao, na hakuna aliyemtafuta. Mmoja wa wenzake alijenga nyumba ya bati na vioo ambayo hadi leo ni nyumba nzuri, nami sitasema kwamba dhahabu ilimlaani, maana haikumlaani. Alisomesha watoto wake vizuri. Baba anakutana naye, wanasalimiana, wanacheka. Sijawahi kumsikia baba akiihesabu ile dhahabu, wala kumtupia bibi neno. Wengine ndio waliosema: kikongwe kamkosesha mwanawe utajiri kwa kutojua kupogoa. Na hapo ndipo kichekesho kilipozaliwa.

Mambo ya nyumbani yalibadilika kidogo sana, kiasi kwamba mtu wa nje asingeona. Tangu mwaka ule mama ndiye anayekata, baba ndiye anayefunga. Alijifunza, akawa na mkono mzuri. Zabibu za mwaka ule ziliiva kwenye jua, tukauza, tukanunua viatu. Nilisoma. Wadogo zangu walisoma. Tulikuwa na baba mezani kila jioni, mchovu, mwenye kusimulia, na tulimchukulia kama kitu cha kawaida, kama chumvi. Bibi aliendelea kufukuza ndege hadi mwaka alioshindwa kuinua debe. Alifariki akiwa amechekwa miaka mingi, na kwenye mazishi yake mimi ndiye niliyesimama nikasimulia kichekesho kile, watu wakacheka huku wanalia.

Mimi niliolewa upande wa Serengeti. Mume wangu anafanya kazi kwenye nyumba ya wageni karibu na geti la Ikoma, na tuna shamba. Kule ni pakavu kuliko Nyamwaga, jua ni jingi, na kwa muda mrefu nilijiambia kwamba mizabibu ingefurahi. Oktoba moja nilikwenda kwa wazazi kuomba pingili. Niliwakuta wakiwa shambani. Mama amekuwa mzee na bado anakata upesi. Baba mikono inamtetemeka, lakini akishika kamba ya mgomba inatulia.

Niliwaamkia, nikakaa kwenye kigoda cha bibi, nikaanza mambo yangu. Niliweka mikono kichwani. "Amekata mizabibu. Ameimaliza yote."

Baba alitabasamu kidogo. Mama hakutabasamu. Aliuweka mkasi chini.

"Usimcheke mama mkwe wangu," akasema.

"Mama, tumemcheka miaka yote. Mwenyewe alikuwa anacheka."

"Ndiyo. Nami nilimwachia. Sasa naona aibu."

Nikashusha mikono. Mama akauliza, "Bibi yako alikaa na mizabibu hii miaka mingapi kabla ya siku ile? Aliona tukiikata kila mwaka. Wewe una akili, umesoma. Hujawahi kujiuliza angewezaje kushangaa?"

Sikuwahi. Nawaambia ukweli, sikuwahi hata mara moja.

"Nilikuwa naondoka," mama akasema. Alilisema mbele ya baba, na baba aliendelea kufunga tawi lake. "Sikumchukia baba yako. Nilichoka kuwa mgeni peke yangu. Nilisema nitakata, niwaachie mavuno ya mwaka, nami nichukue nilichokuja nacho. Gunia ndilo hilo uliloliona. Bibi yako aliliona akaelewa palepale."

"Kwa nini hakulitaja gunia?"

"Angelitaja mbele ya majirani na shemeji yangu, ingekuwa imeshakuwa kesi. Wazee wangeitwa. Ng'ombe zingehesabiwa. Mimi nina kichwa kigumu, nikishasemwa sirudi nyuma. Akaona afadhali aseme ujinga, acheke yeyote anayetaka kucheka."

Baba akadakia bila kugeuka. "Mdogo wangu alifika machimboni anacheka. Akasema, mama amechanganyikiwa, anasema mkeo amekata mizabibu. Wote wakacheka. Mimi nikajua mama yangu haogopi kupogoa. Kuna kitu ameshindwa kukisema. Halafu nikasikia kwamba mama yako anakata mwenyewe. Tangu nimwoe hakuwahi kukata mwenyewe. Nikavaa shati."

Nilihisi hasira, ile yangu ya haraka, nikauliza, "Na sisi?"

Mama alinitazama moja kwa moja. "Nyie mngebaki. Ng'ombe zilishalipwa, watoto ni wa huku. Nililijua hilo. Kwa nini unafikiri nilikuamsha wewe siku ile? Nilitaka niwe na wewe asubuhi nzima."

Nililia pale kwenye kigoda, mwanamke mzima. Nililia kwa ajili ya mtoto yule aliyekuwa anaokota matawi akidhani ni siku ya kazi. Mama hakunibembeleza. Alisubiri nimalize, kisha akaniambia lile lililobaki, ambalo hata baba alikuwa halijui mpaka bibi alipokaribia kufa.

Usiku ule wa katikati, kabla baba hajafika, mama alisinzia tu. Alikuwa amepanga kutoka alfajiri, awahi gari la Tarime. Mwanga ulipoanza aliamka, akaenda kulichukua gunia, akakuta linatiririka maji. Yeye hakuwa amelimwagilia tangu jana. Sakafu ilikuwa imelowa, na bibi alikuwa amekaa chini kando yake na kata ya kuchotea maji mkononi, ameegemea ukuta. Bibi hakumzuia. Hakumtaja mwanawe wala watoto. Alisema tu, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Nimetia maji. Zikikauka utaenda kupanda nini kwenu?"

Mama akakaa chini pembeni yake. Walikaa hivyo hadi kukapambazuka, gari la Tarime likapita barabarani wakalisikia wote wawili.

"Hakuniomba nibaki," mama akasema. "Angeniomba ningekwenda. Alinitayarishia safari, nikashindwa kuinuka."

Nimefikiria sana habari hii, na kila nikiifikiria ninamalizia kwenye shukrani, hata pale ninapotaka kukasirika. Namshukuru baba aliyeuelewa ujinga wa mama yake na kuuvalia shati. Namshukuru mama aliyekaa sakafuni. Zaidi ya wote namshukuru yule mwanamke aliyekubali kuwa mjinga wa ukoo maisha yake yote, akaketi kati yetu tukimwigiza, akafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kitenge, ili mkwe wake asije akaulizwa siku hata moja gunia lile lilikuwa la nini. Siku hizi anaponijia, simwoni tena kwenye kona ya zizi mikono ikiwa kichwani. Namwona na ile kata.

Mchana ule tuliingia kazini watatu. Mama alikata, baba alifunga, mimi niliokota. Nilipouliza nichukue pingili kutoka mstari upi, mama alielekeza mkasi kwenye ule wa kando ya zizi. Akasema hizo ndizo, zilishawahi kufungwa zikaghairi safari, sasa ziende. Alizifunga mwenyewe. Baba alileta gunia na ndoo. Kabla ya kuondoka nilipita kaburini kwa bibi, upande wa pili wa nyumba, nikamwamkia shikamoo kwa sauti, kama alivyotaka siku zote, na nikamwomba radhi na kumshukuru kwa pamoja.

Gari lilisimama Mugumu kushusha mizigo ya watu. Abiria waliokaa karibu yangu walilalamika kwamba kuna kitu kinavuja, na mmoja akaniuliza kama ni samaki. Nikamwambia ni zabibu. Hakuniamini. Nilishuka na chupa yangu, nikajaza maji bombani kwa muuza chai, nikarudi nikalimwagilia lile gunia polepole mpaka likalowa lote.